Kava la kiki la BSA M20: la kromu, la kuiga, au la zamani?

Msomaji wa Mafinga ameniandikia, nami nimefupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya Kiingereza, BSA M20 ya marehemu babu, aliinunua enzi anafanya kazi kwenye mashamba ya chai Mufindi. Injini inawaka, ila kava la giaboksi upande wa kiki limepasuka. Ufa unaanzia kwenye tundu la shafti ya kiki, unashuka hadi kwenye tundu la skrubu ya chini. Tundu lenyewe limekuwa na umbo la yai na kiki inachezacheza. Mtandaoni nimepata makava matatu. La kwanza ni jipya la kuiga, limepigwa kromu, bei nafuu. La pili ni jipya la kuiga pia, halijang'arishwa, bei karibu mara mbili ya lile. La tatu ni la kiwandani lililotumika, muuzaji yuko Uingereza. Fundi wa hapa anasema kava ni kava, nichukue la bei ndogo. Wewe unasemaje?"

Marahaba, mwanangu. La kromu liache. Kati ya hayo matatu mimi ningeanza kulifuatilia la tatu, na nikilikosa ningechukua la pili kwa masharti nitakayokueleza. Ila kuna la nne ambalo hukulitaja, nalo ni hilo hilo lililopasuka. Usilitupe, na usimwachie mtu aliuze kwa kilo kwa wasubu sufuria.

Nianze na hiyo kauli ya kwamba kava ni kava, maana ndiyo inayowaingiza watu hasara. Ingekuwa kweli kama kazi ya kava ingekuwa kuzuia vumbi lisiingie na oili isitoke. Kwenye giaboksi za Kiingereza za wakati ule, kava la nje ndilo linaloishika shafti ya kiki kwa upande wa nje. Ukipiga kiki, mguu unazungusha shafti, shafti inazungusha gia ya nusu duara iliyo ndani, na hiyo inasukuma gia ndogo iliyoko kwenye shafti kuu. Meno ya gia yanaposukumana huwa yanasukumana pia kutengana, na nguvu hiyo ya kutengana inaishia kwenye bushi, ile pete inayoishika shafti ndani ya kava.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu wa kilo 70 amesimama juu ya mkono wa kiki wenye urefu wa sentimita 20, na gia ya ndani ina nusu kipenyo cha sentimita 5. Kwenye meno nguvu inakuwa mara nne, yaani kilo 280. Kwa meno ya kawaida yenye pembe ya nyuzi 20, zaidi ya theluthi ya nguvu hiyo, kama kilo 100, inasukuma gia zitengane. Hapo sijahesabu kwamba mtu haegemei kiki, anairukia. Mzigo wote huo unabebwa na ukuta mwembamba wa alumini unaozunguka tundu moja.

Sasa ufa wako unasomeka. Bushi ililika kwanza, pengine miaka mingi iliyopita. Shafti ikaanza kuinama kila kiki inapopigwa, meno yakawa yanashikana kwenye ncha badala ya katikati, tundu likavutwa likawa la yai, na mwishowe kava likachanika kuelekea mahali dhaifu palipo karibu, yaani tundu la skrubu. Kwa hiyo hata ukipata kava zuri kuliko yote duniani, ukilifunga juu ya shafti ile ile iliyolika na gia ile ile yenye meno yaliyotafunwa, litapasuka pale pale. Kabla ya kutuma hela popote, fungua uangalie jino la kwanza la ile gia ya nusu duara. Hilo ndilo linalopokea kishindo. Likiwa limemeguka au limekuwa la duara kwenye ncha, ongeza gia hiyo kwenye orodha ya manunuzi. Viringisha shafti juu ya kioo uone kama imepinda. Pima kwa venia (kipimio cha milimita chenye taya) sehemu inayokaa ndani ya bushi, na sehemu ya shafti isiyogusa kitu, ulinganishe.

Angalia pia namna unavyoiwasha. M20 ina wenzo mdogo kwenye usukani wa kuwahisha na kuchelewesha moto. Vijana wengi waliozoea bodaboda hawaujui, wanauacha umewahishwa kabisa halafu wanapiga kiki. Cheche inatokea kabla pistoni haijafika juu, injini inarudi kinyume, na mkono wa kiki unamrushia mtu mguu. Anayeumia goti anasikia. Kava nalo limeumia, ila halisemi. Chelewesha moto kwanza. Vuta wenzo wa kufungua valvu ya ekzosti, ipitishe pistoni kidogo tu baada ya kilele, achia, rudisha kiki juu kabisa, kisha sukuma kwa mwendo mrefu bila kurukia. Silinda ya cc 496 ikipigwa kiki kwa utaratibu huo haihitaji nguvu nyingi.

Na huko kwenu Mafinga kuna la ziada. Mko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Kabureta iliyowekwa jeti (vitundu vya kupitishia petroli) za pwani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi inalowa, na mtu anapiga kiki ishirini asubuhi ya Julai wakati oili imekuwa nzito kwa baridi. Nimeona makava mengi ya Nyanda za Juu yakiharibiwa na kabureta. Irekebishe hiyo pia.

Turudi kwenye kava lako. Ufa unaotoka tundu la shafti hadi tundu la skrubu unachomeleka, mradi kipande hakijapotea na uso wa kava haujapinda sana. Tafuta karakana yenye mashine ya gesi ya agoni na mtu aliyewahi kuchomelea alumini ya kusubu, siyo madirisha tu. Alumini ya zamani imenyonya oili kwa miongo mingi, kwa hiyo lazima ioshwe, ipashwe moto oili itoke, ioshwe tena. Ufa, kama umevuka tundu la skrubu, unatobolewa tundu dogo la milimita 3 pale unapoishia ili usiendelee, unachongwa kuwa mfereji, kisha unajazwa kwa waya wa alumini wenye silikoni, ule wa namba 4043. Wakati wa kuchomelea kava liwe limefungwa kwa bolti kwenye bamba nene la chuma lisipinde. Baada ya hapo linapelekwa kwa mkereza, yaani fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, atanue lile tundu la yai liwe duara, aweke bushi mpya ya shaba nyeusi. Akuambiaye tutaziba kwa gundi ya chuma, mshukuru uondoke. Gundi inaziba uvujaji wa oili, haibebi kilo 100.

Hapo kwenye kutanua tundu ndipo kazi inapoharibika. Mkereza akijiongoza kwa tundu lililolika, atatoboa kwenye kitovu kipya ambacho si cha kiwandani, na shafti haitakaa sambamba na tundu la ndani. Mwambie apime kutoka kwenye pini za kuelekezea kava au kwenye matundu ya skrubu yasiyoharibika, na kutoka kwenye sehemu ya tundu ambayo haijalika. Upande unaolika ni ule gia inakosukumia. Upande wa pili mara nyingi una duara la asili bado.

Bushi yenyewe iingie kwa kukaza. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha shafti za kawaida, na zaidi ya shaba nyeusi. Kwa bushi yenye kipenyo cha nje cha milimita 25, giaboksi ikipanda joto nyuzi 80 tundu la kava linaizidi bushi kwa kama milimita 0.01. Inaonekana ndogo, lakini bushi iliyoingia kwa kusukuma na kidole gumba itaanza kuzunguka ndani ya kava na kulila upya. Mimi huagiza bushi izidi tundu kwa milimita 0.03 hadi 0.05. Kava linawekwa kwenye oveni ya kuokea mikate hadi nyuzi 120 hivi, bushi inakaa kwenye friza, kisha inadondoshwa ndani kabla joto halijapungua. Baada ya kupoa ndipo tundu la ndani la bushi linasafishwa kwa rima (kifaa cha kutanua tundu kwa kipimo), libaki na nafasi ya milimita 0.03 hadi 0.08 kuizunguka shafti.

Ikiwa mchomeleaji mzuri hapatikani, au ukuta wa tundu umeliwa hadi hakuna nyama ya kukereza, ndipo tunanunua.

La kiwandani lililotumika nalipenda kwa sababu moja tu: matundu yake yalitobolewa kiwandani kwa BSA, kwa vipimo vile vile vya giaboksi yako. Likiwa limelika bushi, bushi inabadilishwa. Likiwa na mikwaruzo, haidhuru. M20 zilitengenezwa kuanzia 1937 hadi 1955, na zaidi ya 120,000 zilikwenda jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndiyo maana hadi leo vipuri vyake vinapatikana ilhali kampuni yenyewe ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini usikubali tangazo linalosema "linafaa BSA zote". Mwombe muuzaji picha ya upande wa ndani. Picha ya nje haikuambii chochote. Hata kava lililokufa huwa zuri likipigwa msasa. Mwombe namba iliyosubiwa au kugongwa kwenye kava, uilinganishe na ya kwako. Mwombe pia aweke venia juu ya kava na kupiga picha ya vipimo viwili: kati ya kitovu cha tundu la kiki na kitovu cha tundu la pedeli ya gia, na kati ya matundu mawili ya skrubu yaliyo mbali zaidi. Muuzaji mwaminifu anafanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Makava ya kuiga si yote mabaya, na siwabezi wanaoyatengeneza. Sehemu kubwa ya vipuri vya kuiga vya pikipiki za Kiingereza inatoka India, na huko kuna karakana zinazofanya kazi safi na zinazofanya kazi ya ovyo. Ubaya wa kava la kuiga la bei ya chini unaanzia kwenye kalibu. Mtengenezaji anachukua kava la zamani, analikandamiza kwenye mchanga, anatoa kalibu, anamimina alumini. Alumini ikipoa husinyaa kwa karibu asilimia 1.3. Kava la asili lenye urefu wa milimita 200 linazaa nakala yenye milimita 197 na kidogo. Matundu ya skrubu yanatobolewa baadaye kwa vipimo sahihi, kwa hiyo kava linafungika, mnunuzi anafurahi. Lakini vile vinundu vya ndani vinavyopaswa kuzunguka matundu vimesogea na mduara wa kava. Tundu linatokea pembeni ya kinundu, upande mmoja ukuta mnene, upande mwingine mwembamba wa kukatika. Ndilo jambo la kwanza ninaloangalia nikipewa kava la kuiga mkononi: je, tundu liko katikati ya kinundu chake? Likiwa limeegemea upande, naliweka chini.

Na hapo ndipo kromu inaponitia wasiwasi. Inaficha. Vinyweleo vya alumini iliyosubiwa vibaya, ufa, uso usiokerezwa sawasawa, vyote vinafunikwa. Tena kromu ikiingia ndani ya tundu la bushi inapunguza kipenyo, na ikiingia kwenye uso unaokaa gasketi inaleta uvujaji. Ikianza kubanduka kwa ndani, magamba yake ni magumu kuliko meno ya gia na yanazunguka humo humo na oili. M20 haikutoka kiwandani na kava linalong'aa hivyo, hasa zile za jeshi.

Lile la pili, lisilong'arishwa, lina heshima moja: unaona ulichonunua. Muulize muuzaji mambo haya bila haya. Je, tundu la kiki limeshakerezwa na kuwekwa bushi, au limeachwa dogo likerezwe na mnunuzi? La kukerezwa mwenyewe ni zuri ukiwa na mkereza mzuri, maana kitovu utakiweka wewe. Je, kituo cha kiki, pale mkono unapogota, kipo na kina unene? Je, thredi, ile mizunguko ya skrubu, ni za Kiingereza?

Hili la thredi linahitaji maneno zaidi, kwa sababu limeua makava mengi kuliko ajali. BSA ya wakati huo inatumia thredi za Kiingereza, na skrubu nyingi ndogo za kava huwa za robo inchi au tano kwa kumi na sita ya inchi. Tano kwa kumi na sita ni milimita 7.94. Bolti ya M8 ya dukani inaonekana ni ile ile, na fundi mwenye haraka anaikaza kwa nguvu mpaka iingie. Kumbe ya Kiingereza ina thredi 22 au 26 kwa inchi kutegemea aina, wakati M8 ya kawaida ina thredi moja kila milimita 1.25, ambayo ni kama 20 kwa inchi. Inakata alumini, inashika mara moja, ikifunguliwa inatoka na unga mweupe. Ya robo inchi ina milimita 6.35, M6 inatumbukia na kucheza. Chukua skrubu zako za zamani zote, zioshe, zipange kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio wa kava, ziandike. Ikipotea moja usikimbilie soko la Mwanjelwa kuokota inayofanana kwa macho. Mkereza akutengenezee, au uagize pamoja na kava.

Kava likifika, jipya au kuukuu, lisifungwe siku hiyo hiyo. Liweke kifudifudi juu ya kioo kinene cha dirisha, jaribu kupitisha fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 pembeni mwote. Ikipita mahali pamoja kidogo, bandika msasa laini kwenye kioo usugue kava kwa mwendo wa nane hadi likae. Ikipita ya milimita 0.2, rudisha kwa muuzaji. Halafu paka chaki upande wa nje, lilaze chali, jaza mafuta ya taa upande wa ndani kadiri linavyoweza kushika, ukiwa umeziba matundu, uliache usiku kucha. Asubuhi chaki iliyolowa inakuonyesha ufa na kinyweleo ambacho jicho haliwezi kukiona. Mafuta ya taa hupenya kuliko oili.

Kisha lifunge bila gasketi na bila springi ya kiki. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kuvuka, huku mkono wako wa pili ukizungusha shafti. Izunguke laini mwanzo hadi mwisho wa kukaza. Ikianza kuwa nzito skrubu zinapobana, kitovu cha tundu hakiko sawa na cha ndani, na hakuna kiasi cha kupiga nyundo kitakachokisahihisha. Ikiwa laini, weka gasketi ya karatasi, angalia shafti ina mchezo mdogo wa kuingia na kutoka, kama milimita 0.1 hadi 0.3. Ikibanwa kabisa, gasketi ni nyembamba mno. Ikicheza sana, weka kishimu, yaani pete nyembamba ya kujazia nafasi. Silikoni ya tyubu uipake kama utando tu, isigeuzwe kuwa gasketi.

Wenye Honda na Yamaha za zamani wameniuliza pia mara nyingi, niwaguse kwa ufupi. CG125 na ndugu zake wa Kichina zina kiki na klachi nyuma ya kava moja la kulia, na makava yake yamejaa madukani kwa bei ya kawaida, kwa hiyo hakuna sababu ya kuchomelea. Pima tu kwamba oili sili ya shafti ya kiki inaingia kwa kukaza. Kwenye Yamaha DT175 kuweni waangalifu zaidi, kwani pampu ya oili inayolainisha injini yake ya tustroku inakaa upande huo huo. Kava likisubiwa vibaya pale pampu inapofungwa, hutaona kiki ikicheza; utaona pistoni imegandana na silinda njiani.

Kuhusu gharama, mwanangu, ile bei ya mtandaoni ni mwanzo. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya hayo yote. Ukishajumlisha, tofauti kati ya la kromu na lile la pili inapungua kwa uwiano, na ukiongeza gharama ya mkereza kulisahihisha la kromu, inaweza kugeuka.

Fanya hivi wiki hii: fungua giaboksi, pima umbali kati ya vitovu vya matundu, kipenyo cha shafti palipolika na pasipolika, piga picha ya jino la kwanza na ya ufa kwa ndani, unitumie. Wakati huo huo mwombe yule wa Uingereza picha za venia. Nikiona vipimo vyake na vya kwako vinalingana, nitakuambia ulipe. Nikiona ukuta wa tundu lako bado una nyama ya kutosha, nitakuelekeza kwa mchomeleaji hapa Mbeya, na hela ya kava uitumie kwa gia na shafti.